Mkono Uliotoka Mfukoni

Hujafa hujaumbika, walinena wahenga. Mimi niliumbika mapema. Nikiwa na miaka mitatu niliangukia jiko la makaa, na hadi leo vidole vya mkono wangu wa kulia vimeshikana. Tangu darasa la kwanza makao yake yalikuwa mfukoni. Mwalimu wa hisabati akiniita ubaoni, nilisingizia tumbo.

Jioni moja muhula uliopita, msomaji mpendwa, mvua ilinizuia kurudi nyumbani. Nikajibanza maktabani na kufungua kitabu cha wanamichezo. Nilipoona picha ya Jim Abbott, mrushaji wa besiboli wa Marekani, nilitoa macho pima. Mkono wake wa kulia haukuwa na kiganja!

Besiboli ni kama ile raunda ya shule ya msingi. Mrushaji humvurumishia mpira mpigaji mwenye gongo, naye asipokuwa makini timu nzima imekwisha. Sasa huyu alidakaje, jamani? Abbott, aliyezaliwa Flint, Michigan, mwaka wa 1967, alijifunza utotoni kwa kurusha mpira ukutani. Glavu aliiegemeza kwenye ncha ya mkono wa kulia, akarusha kwa kushoto, na kufumba na kufumbua kushoto kumo ndani ya glavu. Akishadaka, aliibana glavu kwapani, akachomoa mpira na kuurusha tena.

Mwaka wa 1988 aliiongoza Marekani kuishinda Japani katika fainali ya Olimpiki kule Seoul, ingawa besiboli ilikuwa mchezo wa maonyesho tu. Mwaka wa 1989 akaingia ligi kuu na California Angels bila kupitia ligi ndogo. Tarehe 4 Septemba 1993, akiwa na New York Yankees, aliwazuia Cleveland wasipate hata pigo moja safi mchezo mzima. Na hao ndio waliokuwa wamemcharaza siku chache tu kabla!

Lakini si sifa hizo zilizonigusa. Mwaka wa 1996 alishinda michezo 2, akashindwa 18. Mwaka uliofuata timu ikamwacha. Mwaka wa 1998 akarudi na Chicago White Sox, akashinda 5 bila kushindwa. Alipostaafu mwaka wa 1999 alikuwa ameshinda 87 na kushindwa 108. Kumbe alishindwa mara nyingi kuliko kushinda! Wala si mkono uliomwangusha, kwani aliposhinda alikuwa na mkono ule ule.

Juma lililofuata niliitwa ubaoni. Moyo ulinidunda du du du. Nikautoa mkono, nikabania daftari kifuani, chaki kushoto. Darasa likanyamaza jii. Nilipomaliza, wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe hakuna aliyekuwa akiutazama mkono! Nilikuwa nimeandika saba mara nane ni hamsini na nne, mimi wa kidato cha tatu. Mwalimu akacheka, nami nikacheka.

Wenzangu, kila mtu ana kitu anachokificha mfukoni. Kitoe. Utakosea, ndiyo, lakini utakosea kama watu wote. Kesho yake mwalimu aliuliza nani atajaribu tena. Nikainua mkono. Ule wa kulia.