Kazi Nyingi, Cherehani Moja

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Methali hii ni kweli kwa mtu anayeshika yote kwa wakati mmoja. Lakini fundi cherehani hana hiari ya kushika moja tu. Akikataa kazi ya pili kwa sababu ya kwanza haijaisha, wateja watahamia kwa fundi wa jirani. Mimi nimekulia katika chumba cha kushonea cha mama yangu mjini Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Humo nimejifunza kwamba wingi wa kazi hauogopeshi. Kinachoogopesha ni kutojua ipi ianze, ipi isubiri na ipi isipokelewe kabisa.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kina cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na kamba ya kutundikia nguo. Kuanzia Oktoba hadi Januari hujaa kupita kiasi. Kuna nguo za mahafali, magauni ya vitenge ya Krismasi, na sare za shule zinazotakiwa kabla shule hazijafunguliwa. Juu ya hayo yote kuna mablanketi ya viraka. Vipande vya vitenge vinavyobaki havitupwi. Mama huvikata miraba iliyo sawa, huiunganisha kuwa mistari, na mistari kuwa uso wa blanketi. Katikati huweka kitambaa kizito cha mtumba na chini huweka shuka, kisha hushona tabaka zote tatu pamoja, mstari kwa mstari, ili zisitembee likifuliwa. Wanunuzi wengi hutoka upande wa Tarime, kwenye miinuko, ambako usiku una baridi.

Mama hana daftari la mipango, ila ana kanuni tatu. Kwanza, kila kazi ina mfuko wake, na ndani ya mfuko mna karatasi yenye jina la mteja, vipimo, tarehe ya kuchukua na hatua inayofuata. Hatua inayofuata ndiyo muhimu zaidi. Karatasi ikisema "bado kola na vifungo", anayeufungua mfuko huo baada ya siku nne hapotezi muda kukumbuka alipoishia.

Pili, kazi hukusanywa kwa hatua, si kwa mwenye nguo. Kukata hufanyika asubuhi, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi, na mwanga wa taa huifanya bluu iliyokoza ionekane nyeusi. Mashati meupe ya wateja watano hushonwa kwa mfululizo kabla ya kubadilisha uzi. Jioni, hasa umeme ukikatika, ni zamu ya vifungo na mapindo ya mkono.

Tatu, kazi yenye tarehe ya karibu hutangulia. Blanketi halina tarehe, kwa hiyo huziba nafasi ndogondogo. Pasi ikisubiriwa ipate moto, miraba miwili huunganishwa. Mteja akichelewa kuja kupimwa, mstari mmoja humalizika. Blanketi hukamilika ingawa hakuna siku hata moja iliyotengwa kwa ajili yake.

Nilipofika kidato cha nne nilizihamishia kanuni hizo kwenye masomo. Hisabati niliiweka asubuhi, wakati akili ina mwanga wa kukatia. Kila daftari lilikuwa na karatasi ya hatua inayofuata. Methali, misamiati na istilahi za Biolojia zikawa blanketi langu. Nilizisoma nikisubiri maji yachemke au foleni ya kisima isogee.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo mpangilio peke yake hauwezi kulitatua. Nalo lilitufika mwishoni mwa Novemba, wiki moja baada ya mtihani wangu wa mwisho. Mteja wetu wa miaka mingi alileta furushi la vitenge vya rangi moja, akitaka magauni sita ya wasichana. Alikuwa na nusu ya malipo mkononi, na fedha hizo zingetosha kununua jora la kitambaa cha sare za Januari. Mama akauliza, "Ni sherehe gani?" Mteja akacheka. "Fundi, kwani Desemba hii huijui?"

Mama aliijua. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, Desemba, shule zikiwa zimefungwa, ndio msimu wa ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa mkoani Mara wanawake 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa 10. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na kifungo chake ni kati ya miaka 5 na 15.

Mama alivikunja vile vitenge taratibu, akamrudishia. "Niletee sare zao za Januari," alisema, "nitazishona zote hata usiku kucha. Hizi siwezi." Mteja aliondoka, na baada yake majirani zake wawili wakaja kuchukua vitambaa vyao. Kesho yake mama alikwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyoyasema huko hakutusimulia. Mwezi ule tulinunua uzi kwa mkopo.

Ndipo mablanketi yasiyo na tarehe yalipopata tarehe. Kila msimu wasichana hukimbilia kituo cha Masanga kule Tarime, na hapa Mugumu hukimbilia nyumba salama inayoendeshwa na shirika lililoanzishwa na Rhobi Samwelly. Wengi hutoroka usiku wakiwa na nguo walizovaa tu. Mama alisogeza mifuko mingine nyuma, tukashona mablanketi manne kwa siku tisa, nami nikayapeleka. Magauni ya Krismasi yalikamilika tarehe 24, vifungo vya mwisho vikishonwa alasiri.

Mteja yule hajarudi hadi leo. Sare za Januari zilikuwa pungufu, lakini zile tulizopokea zilitoka kwa wakati. Kwa hiyo, mtahiniwa mwenzangu, unapopanga masomo yako, andika hatua inayofuata, kusanya yanayofanana, na ziba nafasi ndogo kwa kazi zisizo na haraka. Kisha uwe tayari siku utakapoletewa kazi yenye malipo mazuri usiyopaswa kuigusa. Siku hiyo ratiba haitakuambia la kufanya. Utalazimika kuwa umeshaamua.