Toronto: Mwenzio yupo, kazi je?

KATIKA jiji la Toronto, ukingoni mwa Ziwa Ontario, jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Taa za Barabara ya Yonge huwaka wakati ambapo watoto wa Nairobi wamekwisha kulala. Huko ndiko wanakofikia wake kwa waume wengi waliodhaminiwa na wenzao wa ndoa, wakidhani kwamba viza ikishapatikana, shida zimekwisha.

Aliyeingia Kanada akiwa mkazi wa kudumu ana ruhusa ya kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Anachohitaji ni namba ya bima ya jamii yenye tarakimu tisa, na hutolewa bure. Lakini ruhusa si kazi. Muuguzi au mwalimu hawezi kurudia kazi yake mpaka vyeti vyake vikaguliwe na chombo kinachosimamia taaluma hiyo mkoani Ontario. Waajiri nao kwa miaka mingi walidai uzoefu wa kazi wa Kanada. Mgeni angeupata wapi kabla ya kuajiriwa? Tangu Januari 1, 2026, sheria ya Ontario inawakataza waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi kutaja sharti hilo katika matangazo ya kazi.

Wakingojea vyeti, wengi huanzia kwenye maghala, jikoni mwa mikahawa au kuwatunza wazee. Mchagua jembe si mkulima. Yapo pia mashirika yanayofadhiliwa na serikali ambayo humsaidia mhamiaji kujifunza lugha na kutafuta kazi bila malipo.

Jambo moja, msomaji, usilisahau. Aliyekudhamini ameiahidi serikali kwamba atakukimu kwa miaka 3. Ahadi hiyo inamfunga yeye, hata ndoa ikivunjika. Haikufanyi wewe mateka wake. Kuanzia 2012, baadhi ya wanandoa walilazimika kuishi na mdhamini miaka 2 au wapoteze ukazi wao, lakini sharti hilo lilifutwa Aprili 2017. Maadamu ndoa ilikuwa ya kweli, anayemwambia mkewe, "Ukitoka hapa utarudishwa kwenu," anamtisha kwa sheria iliyokufa.

Basi unapofungasha sweta, fungasha na vyeti vyako vyote. Ukifika, fungua akaunti yako ya benki, na mshahara wa kwanza, hata uwe mdogo, uingie humo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.