Karatasi ilimtuma Bulengo, kumbe mdogo wake yuko Kanyaruchinya

Leo nawaeleza kosa letu wenyewe.

Mwaka 2023, hapa Goma, redio yetu ilikuwa inasoma kila siku majina ya watu wanaotafutana kwa sababu ya vita. Lakini si kila mtu kambini alikuwa na redio, na mvua ikipiga kwenye bashi husikii kitu. Tukamuomba kijana mmoja aliyetutengenezea programu ya kompyuta aongeze sehemu ya kuchapisha orodha, tuibandike kambini.

Siku ya kwanza ilitoka vizuri. Siku ya pili, mama mmoja wa Kibumba alisoma kwamba mdogo wake yuko Bulengo. Alitoka Kanyaruchinya kwa miguu, mtoto mgongoni, akavuka mji mzima. Hakumkuta. Kesho yake akaja redioni: «Baba, mulinituma kwa nani?» Nikafungua kompyuta. Mdogo wake ameandikwa Kanyaruchinya, kambi ileile anamolala yeye.

Kwanza tulilaumu mashine ya kuchapisha. Kijana akahifadhi ukurasa kama faili ya PDF bila kuutoa kwenye karatasi: kosa ni lilelile. Basi mashine haina hatia. Tukaweka karatasi kando ya kioo cha kompyuta, mstari kwa mstari. Sita za kwanza sawa. Kuanzia ya saba, kila jina limepewa kambi ya mtu anayelifuata.

Nikakumbuka: saa sita nilimfuta mtu wa saba, alikuwa amepatikana.

Kijana akashika kichwa. Alinieleza hivi: ukurasa ulipotayarishwa asubuhi, programu ilinakili majina, lakini kambi haikuzinakili. Iliweka vielekezi tu, yaani anwani za mahali habari zinapokaa ndani ya kompyuta. Nilipofuta wa saba, jina lake liliondoka kwenye ukurasa pia, lakini waliokuwa chini yake kwenye orodha walisogea juu nafasi moja. Vielekezi havikusogea. Vikaendelea kuonyesha nyumba zilezile, wenyeji wamekwisha kuhama.

Tulijaribu kwa majina matano ya uongo, tukafuta la tatu. Kosa likarudi palepale. Hapo akampa kila mtu namba yake isiyobadilika, na saa ya kuchapisha programu inamtafuta mtu kwa namba hiyo, si kwa nafasi aliyokaa. Tukafuta tena, tukachapisha: kila mtu kwenye kambi yake.

Karatasi za zamani tulizibandua siku hiyohiyo. Yule mama tulimsindikiza hadi kwa mdogo wake, safu chache kutoka hema lake. Hawakusema kitu, walishikana tu.

Tangu siku hiyo, kabla ya kubandika, watu wawili walikuwa wanasoma karatasi na kioo pamoja. Na ninyi, mukihama, mutuambie. Anwani ya jana inaweza kumtembeza mtu bure.