Pikipiki ya Bro Ilikesha Ikiwaka

Wasee, mnanijua kwa video za kuchekesha. Hii haina kicheko.

Bro yangu ni wa boda. Mwaka huu aliachana na petroli, akachukua pikipiki ya stima kwa mkopo, analipa kila siku. Jumapili saa 2 usiku alirudi ikiwa na chaji asilimia 12. Hiyo haimsumbui, kwa sababu kituo cha kubadilisha betri hakiko mbali na kwetu Kayole, na hupitia hapo alfajiri akienda kazi. Nikamwomba ufunguo nirekodi dashibodi ikiwaka gizani, hutoka poa sana kwa kamera. "Ukimaliza, ufunguo kwa msumari," akasema, akaenda kulala.

Nilimaliza. Nikaifunika turubai hadi chini, juu kulikuwa na dalili ya mvua, nikaingia ndani kuediti. Ufunguo sikuutoa.

Saa 11 alfajiri nilimsikia akipapasa ukuta akitafuta msumari.

Boxer ya petroli ukiisahau ikinguruma, ploti nzima itakugongea mlango. Na ukisahau swichi tu, betri yake ndogo ya volti 12 ikiisha, unapiga kiki unaenda. Ya stima haina kelele wala kiki. Imesimama kimya, tairi haijazunguka hata mara moja, lakini taa ya mbele, dashibodi na kontrola zote zinakunywa kutoka betri ile ile inayosukuma mota. Hesabu nilipiga baadaye. Betri ya volti 72, ampea-saa 40, hubeba karibu wati-saa 2,880. Tuseme hivyo vidude vinakula wati 30. Kwa saa 9 ni wati-saa 270, kama asilimia 9 hivi. Betri ikiwa imejaa, hata hungegundua. Ikiwa na 12, inabaki 3, na betri ya lithiamu ikishuka sana, mfumo wa kuilinda hukata stima isiharibike. Bro alitoka geti, akafika kona ya kinyozi, ikazima.

Tuliisukuma. Mvua ilikuwa imenyesha kweli, matope hadi kwa vifundo. Kila asubuhi bro humbeba mama mboga mmoja hadi Marikiti, na huyo hangoji mtu, maana bei ya sukuma nayo haimngoji. Alipiga simu mara tatu. Ya nne hakupiga.

Bro hakunitukana. Afadhali angenitukana. Tukikaribia kituo alisema tu, macho kwa barabara, "Na si wewe ulikuwa unasomea stima?"

Nilisoma uhandisi wa umeme mihula mitatu, nikaacha. Karo ya hiyo mihula yote ilitoka kwa boda. Mkiniuliza kwa komenti kwa nini niliacha, huwa najibu "kampasi haikuwa yangu" na emoji ya kucheka. Sasa mnajua ilikuwa ya nani.

Mama mboga amepata mtu mwingine. Nilimtumia bro mia tano kwa M-Pesa, akairudisha. Video bado iko kwa simu, imetoka poa kuliko zote nilizowahi kurekodi, na sijaiweka popote.

Jioni hiyo alirudi, akaegesha, akazima. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Akanisalimia vizuri tu, akapita, akautia ufunguo mfukoni.