Sikio na Chombo

Chombo kizuri ni msaada wa fundi, lakini hakijapata kuwa fundi. Neno hili hukubaliwa na kila mtu lisemwapo juu ya jembe au sindano. Lisemwapo juu ya mitambo ya muziki, wengi huliona gumu. Mitambo hiyo ina taa, ina vitufe ving'aavyo, na majina yake hutajwa kwa heshima katika harusi na kumbi za dansi. Kijana atakaye kuwa DJ huitazama akadhani kwamba, siku atakapokuwa nayo, atakuwa na kazi pia. Hapo ndipo hasara huanzia.

Katika nyumba moja ya Dar es Salaam waliishi vijana wawili, watoto wa ndugu wawili. Mkubwa alikopa fedha, akanunua mtambo wa kuchanganya nyimbo nne kwa mara moja, na spika mbili ndefu kama milango. Majuma ya mwanzo mtaa mzima ulimjua. Baadaye siku za marejesho zilifuatana upesi kuliko mialiko, na kila alipoalikwa nyimbo zake ziligongana kama mikokoteni katika njia nyembamba. Hakuwa mvivu. Deni lilimtaka awe fundi kabla hajawa mwanafunzi. Mwaka haukuisha mtambo na spika vikauzwa kwa nusu ya bei, na deni likabaki pasipo muziki. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Yeye alilipa matanga ya harusi za watu wengine.

Mdogo aliyaona yote hayo, wala tamaa yake ya kazi ile haikufa. Mama yake, mshona nguo, alimwona akitazama picha za mitambo usiku.

"Mwanangu," alisema, "zamu yangu ya kukopa katika kikoba imekaribia. Nitakuchukulia."

"Usikope, mama," kijana alijibu. "Niache kwanza nijue ninachokitafuta."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko mkopo. Kazi ya DJ ikivuliwa mapambo hubaki jambo moja: kuusikia wimbo wa pili peke yake, hali wachezaji wanausikia wa kwanza. Sikio moja huwa ukumbini. La pili huwa katika hedifoni, likiutafuta mwanzo wa wimbo ujao na kuupima mwendo wake. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika na wimbo wa mapigo 124, vikiachwa pamoja, hupishana pigo zima kila baada ya sekunde 15, na miguu ya wachezaji hutambua kabla ya akili zao. Dawa yake ni kuuharakisha ule wa polepole kwa asilimia 3 na kidogo. Chombo kimwezeshacho mtu kusikia hivyo na kurekebisha hivyo chatosha kujifunzia. Kisichomwezesha, hata kikiwa na taa mia, ni pambo.

Historia ya kazi hii ni shahidi. Tarehe 11 Agosti, 1973, Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alipiga santuri huko Bronx, New York, katika sherehe iliyoandaliwa na dada yake ili apate fedha za nguo za shule. Sherehe hiyo hutajwa leo kuwa chimbuko la hipihopu. Baada yake akatokea kijana mwingine wa Bronx, Grandmaster Flash, aliyezaliwa Barbados mwaka 1958 na kusomea umeme katika shule ya ufundi. Kumbi kubwa za New York zilikwisha kuwa na mitambo ya gharama iliyompa DJ nafasi ya kuusikia wimbo kabla ya wachezaji. Flash, asiye na fedha hizo, alijiungia swichi yake mwenyewe ya kumpelekea wimbo wa pili katika hedifoni, akazitia santuri zake alama za krayoni ajue mahali pa kuanzia. Hakuunda taa, aliunda njia ya sikio.

Kijana wa Dar es Salaam alifuata njia hiyo. Alikuwa na kompyuta iliyokwisha kutumika. Programu za kuchanganya nyimbo zitolewazo bure zipo, na Mixxx ni mojawapo, alijipatia moja. Akanunua hedifoni zifunikazo sikio sawasawa, na waya wa vichwa viwili, kimoja cha redio ya nyumbani na kimoja cha hedifoni. Waya huo huupa wimbo wa ukumbini upande mmoja wa sauti, na wimbo utayarishwao upande wa pili. Muziki hupungukiwa na upana wake, lakini somo halipungui.

Miezi sita alihesabu mapigo. Kisha, kwa akiba ya vibarua, alinunua kontrola ndogo ya sahani mbili. Kabla ya kulipa aliuliza mambo matatu: je, ina tundu la spika na tundu la hedifoni, kila moja mbali? Je, kitelezi chake cha mwendo ni kirefu cha kutosha kusogezwa kidogo kidogo? Je, yakubaliana na programu aliyoizoea? Akafurahi kuona kwamba ilijilisha umeme kutoka katika kompyuta. Hata umeme wa nyumba ukikatika, mazoezi yaliendelea. Spika hakununua. Spika hukodishwa kwa siku ya shughuli, na shughuli ndiyo huzilipia.

Usiku wa shughuli yake ya kwanza, kwa jirani, binamu yake mkubwa alisimama nyuma ya meza, mikono mitupu. Mdogo alimpa hedifoni moja aiweke sikioni. Mkubwa alisikiliza kitambo, jicho lake kwa wachezaji, sikio lake kwa wimbo ambao hawajausikia.

"Mdogo wangu," alisema, "mtambo wangu ulikuwa na tundu hili. Sikupata siku ya kulitumia."

Tangu usiku ule walifanya mazoezi wawili. Deni la mkubwa lilikuwa halijesha, lakini aliyekuwa akilipa sasa alikuwa mwanafunzi.