Ada ya Kila Siku

Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kazi haiko mbali na kitanda. Mtu afunguapo mlango alfajiri, umande haujakauka, tayari amefika kazini: kibanja kimeizunguka nyumba pande zote, migomba imesimama, mibuni imejikinga chini yake, na maharage yamejaza nafasi iliyobaki. Hakuna kengele wala msimamizi, wala gari la kukimbilia. Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipofunga ofisi nyingi duniani, watu wa mijini waliolazimika kufanyia kazi nyumbani waligundua jambo ambalo mkulima wa Kayanga au wa Murongo hulijua tangu utotoni, kwamba kazi iliyo karibu mno ndiyo iliyo rahisi kuahirishwa. Kesho nayo itakuwa papo hapo, mlangoni.

Mwili nao hali yake ni hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limemshauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiasi cha wastani dakika 150 hadi 300 kila wiki. Anayebeba mizigo ya nyasi kutoka uwandani, akapanda nayo kilima ili aitandaze chini ya migomba, huzimaliza dakika hizo bila kuzihesabu. Mwalimu, karani au mfasiri aketiye mezani juu ya kilima kile kile aweza kuimaliza wiki asiziguse. Wote wawili walijua lililo jema tangu jana. Linalobaki ni kujua kitu gani humnyanyua mtu kitini siku ambayo hamu haikuja.

Swali hili lilikwisha kujibiwa Karagwe kwa njia mbili tofauti, na njia zote mbili ziliandikwa na wageni katika msimu mmoja. Tarehe 25 Novemba 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliotokea Unguja mwaka uliotangulia pamoja na wapagazi na walinzi wa pwani, walifika kwa Mfalme Rumanyika. Hawakuwa wa kwanza kuifuata njia ile. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuweka kituo chao Kafuro, na lugha ya pwani haikuwa ngeni masikioni mwa watu wa ikulu.

Njia ya kwanza ni fimbo. Katika ukoo wa kifalme, unene wa mwanamke ulikuwa heshima na uzuri, na unene huo ulijengwa kwa maziwa. Speke alimtembelea shemeji wa mfalme, akaomba ruhusa ya kumpima. Akaandika kwamba mzingo wa mkono wake ulikuwa inchi 23 na wa paja inchi 31, na kwamba hakuweza kusimama, bali alijongea kwa mikono na magoti. Kando ya mama huyo aliketi bintiye, msichana wa miaka 16, akinyonya maziwa chunguni, na baba yake akiwa amemsimamia, fimbo mkononi. Jina la binti hatuambiwi. Twaambiwa tu alivyokunywa.

Msomaji wa leo huona uchungu, lakini asijione yu mbali sana na chungu kile. Fimbo imebadilika umbo, haijaondoka. Leo yaweza kuwa simu inayohesabu hatua za mtu na kumkumbusha kwamba amezembea. Yaweza kuwa picha za miili ya wengine, zinazotazamwa usiku kwa wivu na asubuhi kwa aibu. Zamani binti aliamriwa anenepe, sasa anaamriwa akonde, na katika amri zote mbili mwili wake ni mali ya macho ya watu. Isitoshe, fimbo ya mbali haiui nyoka. Baba akitoka, chungu huwekwa chini. Simu ikizimika, mtu hurudi kitini.

Njia ya pili ni ya Grant. Mwezi wa Desemba mguu wake wa kulia ulivimba kuanzia juu ya goti, ukapasuliwa, ukatoa usaha, kisha ukafanya majipu mapya kwa miezi mitatu. Goti likakakamaa, likapinda. Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda, na Grant, aliyekuja kutembea bara zima, akabaki kibandani. Sidi Mubarak Bombay alikuwa amesikia habari za dawa ya kubandika iliyochanganywa kwa samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwa. Ikabandikwa ya moto, isifae kitu ila kuubana mguu kama kitambaa. Ndugu wa mfalme akamletea mganga wa Kinyambo, mtu mpole, aliyefuatana na mkewe. Mganga alimpapasa mguu kwa upole, akamchanja, akamsugulia dawa nyeusi iliyofungwa katika jani la mgomba. Grant anaeleza kwamba kwa jumla hakupoteza moyo, isipokuwa maumivu yalipofikia kilele. Hapo alitamani angekuwa karibu na kwao.

Ushujaa wake haukumponya. Maradhi yalijichokea yenyewe mwezi wa tano. Ila katika miezi ile kulikuwa na kazi mbili zilizokuwa ndani ya uwezo wake. Ya kwanza ilikuwa kuukamua mguu, kila siku, ili uchafu usikae ndani. Ya pili ilikuwa kutazama na kusikiliza yale yaliyomfikia alipolala. Sura zake za Karagwe zimejaa mambo ambayo mwenye haraka asingeyaona: mavazi, ndege, desturi za wageni na wenyeji, na ngoma. Alisikiliza nanga, kile chombo cha nyuzi ambacho waimbaji wa Kagera wamesimulia kwacho habari za mashujaa wao. Akakuta kwamba katika nanga moja, nyuzi sita kati ya saba zilifuata ngazi ya sauti pasi na kosa. Yataka mtu aliyetulia kuujua uzi wa saba uliopotoka.

Tarehe 14 Aprili 1862 aliondoka Karagwe akiwa amebebwa. Februari 1863 yeye na Speke walifika Gondokoro. Kitabu alichokitoa mwaka 1864 alikiita *A Walk Across Africa*, yaani matembezi ya kuikata Afrika. Matembezi hayo yana miezi ya kulala kibandani ndani yake, na pengine ndiyo sehemu yake iliyotembewa kwa taabu kuliko zote.

Kiswahili kina neno linalolieleza jambo hili vizuri kuliko maelezo marefu. Neno hilo ni ada. Ada ni desturi, jambo lililozoewa. Na ada vilevile ni malipo, kama ada ya shule au ya mganga. Hamu haina ada. Huja kama mgeni, hula, huondoka bila kuaga. Lakini desturi njema hulipiwa kila siku, kidogo kidogo, na aliyelipa jana hana stakabadhi ya leo.

Ugumu wa malipo haya ni kwamba anayelipa haoni alichonunua. Hilo wakulima wa Karagwe, na wa Kyerwa iliyomegwa humo kuwa wilaya mwaka 2012, wamelijua kwa hasara. Mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa Kagera. Majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa usaha. Mgomba ulioshikwa hauna dawa. Uliobaki huokolewa na mambo madogo yanayochosha: kulivunja ua la ncha ya mkungu kwa kijiti chenye panda, bila kuligusa kwa chuma, kwa kuwa wadudu hulibebea maradhi, na kulipitisha panga motoni, au kuliosha kwa jiki, kabla ya kuhamia shina jingine. Shina moja, moto. Shina la pili, moto tena. Mwenye kufanya hivyo mwaka mzima thawabu yake ni kwamba hakuna kilichotokea.

Hakuna hamu iwezayo kuishi kwa chakula hicho. Aliyetembea kila jioni haoni maradhi ya moyo yaliyompita mlangoni, wala mwandishi aliyelala mapema haioni kazi mbaya ambayo angeiandika kwa usingizi. Kwa hiyo ada hutafuta tegemeo nje ya mwenyewe, na kibanja kinalo. Mdudu hajui mpaka wa shamba. Panga la kuazima hubeba kosa la mwenyewe hadi kwa jirani. Na ndani ya kibanja, kati ya migomba, mara nyingi yamo makaburi ya waliokipanda. Anayelichoma panga analichoma kwa ajili yao, kwa ajili ya jirani, na kwa ajili ya watoto watakaokula ndizi wasijue kwamba zilikuwa hatarini. Huyo hana haja ya kusimamiwa kwa fimbo.

Watu hawalichomi panga kila mara. Mvua hunyesha, kuni hulowa, mkono huchoka, na mtu hujiambia kwamba shina hili moja halitadhuru. Kisha asubuhi hufungua mlango. Migomba ipo, umande upo, na panga limeegemea ukuta pale pale alipoliacha. Huokota kijinga kilichosalia jikoni, akakipulizia.