Najifunza Kichina Hapa Nyamianda

Wengi wenu mwanijua kwa kazi ya ukatekista, nanyi mtashangaa kusikia kwamba tangu Pasaka iliyopita najifunza Kichina. Sikupata mwalimu wala kitabu. Mwalimu wangu yumo ndani ya simu. Ni programu isiyodai ada. Hunipa somo la dakika kumi asubuhi, na jingine jioni kama simu ingali na nguvu, maana umeme wetu wa Uvira mwaujua. Hunionyesha picha, husema neno, nami hurudia. Neno nililokwisha kulijua hulificha siku mbili tatu, kisha hunirudishia ghafula, karibu na saa ya kulisahau. Hata seminarini tulifundishwa Kilatini namna hiyo hiyo, ila huko palikuwa na fimbo.

Lakini Kichina cha nini? Ndivyo alivyoniuliza mzee mmoja wa parokia, tena kwa ukali kidogo. Nilimjibu kwa habari ya mpwa wangu. Kijana huyo alikwenda milimani kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu, kwa mabwana Wachina. Alikaa miezi mitano, na katika miezi hiyo hakusema na bwana wake neno lisilokuwa la vidole. Siku ya kuondoka aliwekewa karatasi mbele yake, akaonyeshwa kalamu, akatia sahihi. Fedha alizopewa hazikuwa zile alizotumaini. Alirudi na nakala ya karatasi ile imekunjwa mara nne, akanipa akisema, “Mjomba, wewe umesoma. Soma.” Nami niliyesoma Kilatini, na Kifaransa, na kitabu kizima cha filosofia, nikaishika karatasi ile bila kujua upande wa juu ni upi.

Tena tazameni vitu tunavyovitumia. Pikipiki za vijana wetu, mabamba ya kuteka nguvu ya jua yaliyo juu ya mabati, sufuria, hata simu yenyewe: vingi vyatoka Uchina, vyapita baharini hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma, na kwa ziwa hadi bandari yetu ya Kalundu. Makartoni mengi yana alama mbili zisemazo xiaoxin. Neno kwa neno ni “moyo mdogo”, na maana yake ni: angalia, fanya polepole. Kwetu mwenye moyo mdogo ni mwoga. Kwao, naona, ni mtu asiyevunja sahani za watu. Niliwaeleza wapagazi wawili ninaowajua. Walicheka sana, lakini sasa wakiziona alama zile hushusha kwa mikono miwili.

Maandishi ndiyo mlima wenyewe. Serikali ya Uchina ilitoa mwaka 2013 orodha ya alama za kutumiwa, na zile za kawaida kabisa peke yake ni 3,500. Nyingine zaeleweka mara moja: mtu ni mistari miwili kama miguu iliyopanuliwa, mlima ni vilele vitatu, mwanamke akiwa pamoja na mtoto maana yake ni “vizuri”. Nyingine ni kichaka tu. Mimi nimefika karibu mia mbili. Katika karatasi ya mpwa wangu natambua siku, mwezi, mtu, na alama ya fedha ambayo imeandikwa mara tatu. Kinachosemwa juu ya fedha hizo bado sijakifikia.

Walikuwako watu waliopanda mlima huo bila simu, na kwetu Uvira tuna haki ya kuwakumbuka. Mapadre Wasaveriani, waliofika nchi hii mwaka 1958, hawakuanzishwa kwa ajili ya Afrika. Mtakatifu Guido Maria Conforti aliwaanzisha mjini Parma mwaka 1895 akiwaza Uchina. Wawili wa kwanza waliondoka kwenda huko mwaka 1899, na yeye mwenyewe alikwenda kuwatazama mwaka 1928. Wakomunisti waliposhika nchi mwaka 1949, wamisionari walianza kufukuzwa. Kama mlango ule usingalifungwa, nani ajuaye kama sisi tungaliwaona? Basi madaftari ya Kichina yakawekwa pembeni, wakaanza tena kama watoto wa shule, safari hii kwa Kiswahili na lugha za kwetu.

Nasi makatekista tuna la kujifunza kwa Mayesuiti waliowatangulia zamani sana. Padre Michele Ruggieri alipopiga chapa katekismo ya Kichina mwaka 1584, alimwita Mungu Tianzhu, yaani Bwana wa Mbingu. Padre Matteo Ricci, aliyefika Makao mwaka 1582 na kufa Beijing mwaka 1610, alitumia pia maneno mengine ya kale ya Wachina, na mabishano yakafika hata Roma na kudumu zaidi ya miaka mia. Sisi tuliowafundisha wazee wasemao Rurema au Imana twajua kwamba jina halichukuliwi ovyo. Programu yangu, kwa upande wake, haina habari na mambo hayo. Inataka nijue kuagiza kahawa hotelini na kuuliza treni ya chini ya ardhi iko wapi.

Yenyewe hufundisha kwa njia ya Kifaransa, na ikifika kwenye sauti nne za Kichina huonya kama mtu anayeonyesha mahali pa mamba. Neno ma likisemwa juu na kunyooshwa ni mama. Likipandishwa ni katani. Likishushwa chini kisha kuinuliwa kidogo ni farasi. Likiangushwa ghafula ni kukaripia. Mai ya kushusha na kuinua ni kununua, mai ya kuangusha ni kuuza. Wafanyabiashara, chungeni midomo! Kwa Mfaransa hayo ni ajabu. Lakini kwetu? Katika Kilingala cha askari na cha nyimbo, moto ni mtu, tena ni kichwa, tena ni moto, na sikio ndilo litenganishalo. Warundi wana inda iliyo tumbo na inda iliyo chawa. Kifuliru, Kibembe, Mashi, zote hupandisha na kushusha sauti.

Jioni moja mama yangu alikuwa karibu nami akichambua ndagala. Amepita miaka sabini, hakusoma shule, lugha yake ni Kifuliru. Simu ikasema mai, kisha mai ya pili. Akazirudia zote mbili bila kuinua macho, safi kabisa, akauliza, “Mwanangu, huyu anasema nini?” Binti yangu wa miaka tisa, aliye wa kwanza darasani, alisema mai ile ile moja mara sita.

Jambo hilo limenikalia moyoni kuliko karatasi. Mke wangu ni Mbembe, mimi ni Mfuliru, mtaa wetu umechanganya watu wa kila kabila, na nyumbani twasema Kiswahili, kama nyumba nyingi za Nyamianda. Ni lugha nzuri, naipenda, ndiyo niiandikayo hapa. Lakini Kiswahili hakitenganishi maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Hukaza tu silabi ya pili toka mwisho, basi. Bibi akimwita mjukuu kwa lugha yake, mjukuu hujibu kwa Kiswahili, na katika kujibu huko sikio moja lafungwa. Yule mzee aliyeniuliza kwa ukali alikuwa na swali la pili, nami sikuweza kumjibu upesi: “Utawafundisha Kichina watoto wasiojua kumsalimu bibi yao?”

Tangu mwezi uliopita vijana wanne hukutana nami Alhamisi, baada ya mafundisho ya katekismo. Twatumia simu mbili, maana nyingine zimevunjika vioo. Mama yangu naye huja. Programu ikisema neno, yeye hulirudia kwanza, kisha hutoa neno la Kifuliru lenye mwendo ule ule wa sauti, nao hulisema nyuma yake mpaka akubali. Atakaye kuja na aje, na kama ana bibi asemaye lugha ya nyumbani, aje naye. Mama anadai sukari ya chai, kilo moja kwa mwezi.